Maswali Yenu: Igizo la Wanafunzi Limekatwa Kisa Mgeni Rasmi, Tufanyeje?

Wapendwa wasomaji, msimu wa mahafali ukikaribia meseji zinaanza kumiminika, na safari hii zilizotoka huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe karibu zote zimegusa ishu moja, siasa kuingilia shoo za wanafunzi mashuleni, iwe igizo, ngonjera, kwaya au ngoma. Nimechagua chache nikazijibu. Majina ya watu na ya shule nimeyaacha makusudi, na nyie mnaoandika msiyataje, hasa kama wewe ni mwanafunzi bado uko pale pale shuleni.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi nafundisha Kiswahili shule ya kata huku Umalila. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walitunga igizo wenyewe kwa ajili ya mahafali ya kaka na dada zao, linahusu familia ya mkulima wa viazi anayehangaika na mbolea ya ruzuku, baba anaamka usiku kwenda kupanga foleni kwa wakala, mara mtandao hakuna mara namba yake haisomi, huku mvua zimeshaanza. Walifanya mazoezi wiki nzima jioni jioni. Siku mbili kabla mkuu wa shule akaniita akasema mgeni rasmi ni mheshimiwa, hilo igizo litoke, wekeni kwaya ya kumkaribisha. Watoto walilia na mi nilinyamaza maana ajira ndo hii hii. Nilitakiwa nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwalimu, pole sana, na pole kwa hao watoto zaidi.

Kwanza kabisa naomba ujiulize nani hasa alitoa ile amri. Kwa ninavyoona, kwenye visa vingi vya namna hii mheshimiwa mwenyewe hata hajui kama kulikuwa na igizo, hakupiga simu, hakutuma mtu, wala hakuna barua. Ni kwamba mkuu wa shule anamuogopa afisa elimu kata, afisa elimu kata anaogopa wa halmashauri, wa halmashauri anaogopa mgeni atakunja uso mbele ya watu, basi kila mmoja anakata kabla hajaambiwa akate, na mwisho wa mnyororo wako watoto wa miaka 16 ambao hawajamtukana mtu yeyote. Ndo maana nasema siasa inayoua sanaa mashuleni kwetu sehemu kubwa haiji na polisi wala na tangazo, inakuja kimya kimya kwa woga wa watu wazima, na kwa sababu haina karatasi hakuna wa kumuuliza.

Alafu tuangalie walichoandika. Mbolea ya ruzuku ni mpango wa serikali uliorudi kwa nguvu msimu wa 2022/23, wakulima wanasajiliwa, wanapewa namba, wananunua kwa mawakala kwa bei iliyopunguzwa, na mheshimiwa yeyote akija huku Nyanda za Juu Kusini lazima ataitaja kwenye hotuba yake. Sasa kama yeye anaruhusiwa kuitaja kwa nini mtoto wa mkulima asiitaje? Igizo la watoto wako lisingempinga mtu, lingemuonyesha mgeni jinsi mpango unavyofika kwa baba wa Umalila ambaye simu yake ni ya kitochi, na huyo mgeni akirudi ofisini ana kitu cha kufuatilia ambacho hakuna ripoti ingemwambia vile. Kiongozi anayejua kazi yake angeshukuru. Na wako viongozi wa hivyo, tusiwaweke wote kapu moja.

Kinachoniuma zaidi mimi kama mtu niliyefundisha fasihi ni hiki. Darasani tunawapa hawa hawa watoto tamthiliya, tunawaambia tafuteni dhamira, na wote tunajua majibu yanayopewa maksi: rushwa, uongozi mbaya, matabaka, nafasi ya mwanamke, hali ngumu ya maisha ya wananchi. Mtihani wa taifa unawauliza mwandishi amefanikiwaje kuionyesha jamii yake. Mtoto anajibu vizuri anapata A tunampongeza. Siku anaenda stejini kuionyesha jamii yake yeye, kijiji chake yeye, tunamwambia shuka. Hapo tumemfundisha nini jamani? Tumemfundisha kwamba fasihi ni ya kujibia mtihani tu, na kwamba ukweli ni kitu cha kuandikia watu wa mbali au waliokwisha kufa.

Na watu wasiseme eti siasa haijawahi kuingia kwenye sanaa za shule. Imeingia zamani sana tena kwa mlango wa mbele. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawaomba wasaidie kulieleza Azimio la Arusha kwa wananchi kwa njia ya mashairi, na kwenye vuguvugu hilo ndo Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, wakazikuza ngonjera, zikaingia mashuleni, mpaka leo mwanafunzi akipanda mbele ya mgeni kwa ngonjera anatumia njia iliyotengenezwa na siasa za wakati ule. Mimi sioni ubaya, zilibeba ujumbe na zilitoa vipaji. Ila kama ngonjera ya kusifu sera inaitwa elimu, na igizo la kuonyesha sera hiyo inakwama wapi linaitwa siasa, hapo kuna upande mmoja tu unaoruhusiwa kusema na mtoto anaona, tusijidanganye kwamba haoni.

Pia tunao mfano wetu mzuri kabisa wa Tuseme. Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Profesa Penina Mlama, kwa kushirikiana na FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika, walianzisha mpango ambao wasichana wa sekondari wanatumia maigizo kusema yale yanayowazuia kusoma, wanachunguza tatizo wenyewe, wanatunga, wanacheza mbele ya walimu na wazazi, alafu wanajadili hatua ya kuchukua. Shule kadhaa bado zina klabu za Tuseme. Watoto wako wa Umalila walichofanya ni hicho hicho, tena bila semina wala posho.

Sasa cha kufanya. Usigombane na mkuu wako wa shule mbele za watu, wewe ni mtumishi na hilo nalichukulia kwa uzito, uhamisho wa ghafla kwenda mbali na familia si mchezo na sitaki ushujaa wangu wa kwenye karatasi ukugharimu wewe. Ila mwaka ujao anza mapema. Andika muhtasari wa igizo ukurasa mmoja, ueleze linahusu nini, linafundisha nini, linaingia mada gani ya muhtasari wa somo la Kiswahili, mpe mkuu wa shule mwezi mzima kabla na nakala ubaki nayo. Omba mwenyekiti wa bodi ya shule na wazazi wawili watatu waje waone mazoezi, maana mkuu wa shule aliye peke yake anaogopa kirahisi lakini bodi ikiwa imeshaona na kusema ni zuri anakuwa na watu nyuma yake. Na ikitokea bado anasema litoke, muulize kwa heshima, mkuu naomba unionyeshe ni sehemu gani hasa ina shida tuirekebishe? Swali hilo linamlazimisha asome. Mara nyingi atakuta ni mstari mmoja, pengine jina la mtu, unabadilisha igizo linaendelea.

Na rudi kwa hao watoto uwaambie wazi kwamba igizo lao halikuwa baya. Usipowaambia wewe watabaki wanaamini walikosea.

SWALI: Habari, mimi ni mzazi Mafinga. Binti yangu yuko kidato cha pili, kwaya yao ilichukuliwa siku ya shule na gari wakapelekwa kuimba kwenye mapokezi ya mgombea, wakafungwa vitambaa vya chama shingoni na picha zikasambaa. Mimi na mume wangu chama chetu ni hicho hicho lakini hatukupenda, hatukuulizwa. Je hiyo ni sawa?

JIBU: Si sawa mama, na nakushukuru sana kwa kusema kwamba chama ni chenu na bado hamkupenda, maana wengi tunaona ubaya pale tu anapoimbishwa kwa ajili ya chama cha jirani.

Sheria ya Vyama vya Siasa ilipotungwa 1992 wakati tunarudi kwenye vyama vingi ilikataza shughuli za vyama kufanyika mashuleni na sehemu za kazi, na sababu yake inaeleweka na kila mzazi, darasa moja lina watoto wa wazazi wa vyama vyote na wasio na chama. Kumtoa mwanafunzi darasani siku ya masomo, akiwa na sare, chini ya mwalimu wake, kwenda kumshangilia mgombea ni kuipeleka shule kwenye chama, hata kama uwanja wenyewe uko nje ya geti.

Naomba tu tutenganishe na sherehe za kitaifa. Mwenge wa Uhuru, halaiki za siku za taifa, kwaya ya shule kwenye uzinduzi wa zahanati, hizo ni shughuli za nchi, mtoto wa yeyote anaweza kuwepo. Hapo malalamiko yangu ni mengine, ni mazoezi. Kilele cha mbio za Mwenge 2025 kilikuwa hapa Mbeya uwanja wa Sokoine tarehe 14 Oktoba, na mtu yeyote aliyewahi kuona halaiki anajua ule mpangilio hautokei kwa mazoezi ya siku mbili, na Oktoba ni mwezi ambao mtihani wa kidato cha nne unakaribia. Mzazi ana haki kabisa ya kuuliza ratiba, kuuliza vipindi vilivyopotea vinafidiwa lini, mtoto anakula nini huko uwanjani juani na analala wapi. Kuuliza hivyo sio kupinga taifa.

Kwa la binti yako, nenda na mumeo shuleni kwa utulivu, muulize mkuu wa shule kibali kilitoka wapi, alafu andikeni barua fupi kwa bodi ya shule mkiomba kwamba mwanafunzi yeyote asitolewe nje ya shule kuimba popote bila mzazi kusaini. Ombi hilo halitaji chama chochote na hakuna atakayeweza kulikataa kirahisi. Na picha, ombeni zishushwe. Mtoto wa miaka 14 akiwa na kitambaa cha chama shingoni, ile picha itamfuata mpaka siku anatafuta kazi.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mi niko kidato cha tano Iringa. Niliandika igizo la mfalme ambaye hataki kusikia ushauri, patron akaniuliza "hapa unamsema nani?" nikamwambia simsemi mtu, akasema futa. Nilikuwa nafuatilia ile ya wasichana wa Kenya waliokwenda na igizo lao mpaka mahakamani, kwa nini wao waweze sisi tushindwe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ngoja nikusimulie vizuri kwanza ili na wasiofuatilia waelewe, maana ile habari ina pande zaidi ya moja.

Kenya wana tamasha la taifa la maigizo ya shule ambalo limekuwepo tangu 1959, ni kubwa sana, shule zinashindana kuanzia chini mpaka taifa, na washindi huwa wanacheza mbele ya rais. Mwaka 2013 Shule ya Wasichana Butere walikuja na igizo la Shackles of Doom lililohusu ukabila na mgawanyo wa rasilimali, likaondolewa, mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda Mahakama Kuu na jaji akaamuru waruhusiwe. Miaka 12 baadaye shule ile ile, igizo lingine, Echoes of War, nchi ya kufikirika na vijana wanaopambana na utawala usiowasikiliza, likakatwa ngazi ya kanda, mahakama ikaamuru tena wacheze. Aprili 10, 2025 pale Nakuru wale wasichana wakaingizwa ukumbini, hakuna watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kucheza, nje polisi wakatawanya watu kwa mabomu ya machozi. Mwandishi wa igizo alikuwa ameshakamatwa usiku wake.

Umeona hapo? Amri ya mahakama walikuwa nayo mkononi. Lakini amri ya mahakama inaweza kukufungulia ukumbi, haiwezi kukuletea watazamaji wala kuwaondolea watu wazima woga. Wale mabinti walifanya jambo la heshima kubwa sana machoni pangu, waligoma kucheza kwenye chumba kitupu.

Upande wa pili. Mwandishi wa maigizo yote mawili ni Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, yani mwanasiasa kamili. Waziri wa elimu wa kule Julius Ogamba alihoji mwanasiasa anatafuta nini kwenye sanaa ya wanafunzi. Swali lenyewe mimi naliona ni halali hata kama lilitoka kwa mtu ambaye serikali yake ndo ilikuwa inazima igizo. Mwanafunzi asigeuzwe spika ya kukodi, sio na serikali, sio na wapinzani, sio na mbunge wala shirika lenye hela za mradi. Ila dawa yake sio mabomu ya machozi. Dawa ni watoto wenyewe kuwa ndo wenye maneno, na kama kuna mwandishi mkubwa aliyewasaidia aandikwe jina lake na wao wawe na nafasi ya kubadilisha, kukataa, kuongeza.

Kuhusu kwa nini wao waweze, sababu moja ni ya kisheria. Katiba yao ya 2010 ibara ya 33 imetaja kabisa kwamba uhuru wa kujieleza unajumuisha uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ya kwetu ya 1977 ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, sanaa haijatajwa kwa jina lakini igizo ni fikra iliyosimama ikatembea, sijui utaitoaje humo. Na tunayo Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11 kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki kwenye maamuzi yanayohusu ustawi wake. Watu wengi wazima hawakijui hicho kifungu, hata walimu. Kikariri wewe, uje ukiseme kwa adabu siku ukihitaji.

Lakini sikushauri ukimbilie mahakamani mwanangu, una mtihani na una wazazi. Nakushauri uandike vizuri zaidi. Patron alipouliza unamsema nani huenda alikuwa anaogopa, lakini huenda pia mfalme wako hajawa mtu bado, ni mbaya tu kuanzia onyesho la kwanza mpaka la mwisho, na mhusika wa hivyo watazamaji wanaanza kumtafutia sura ya mtu wanayemjua. Mpe mama, mpe ugonjwa, mpe siku moja aliyosikiliza ushauri akaumia ndo maana hataki tena. Hapo utakuwa na igizo ambalo hata mkuu wa mkoa akikaa mstari wa mbele atajiuliza mwenyewe bila wewe kumnyooshea kidole.

Na uko Iringa, una hazina. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, ngome yake ya Kalenga ikaanguka 1894, akaendelea kupigana porini mpaka 1898 akajiua kuliko kukamatwa, na fuvu lake likawa jambo la mataifa, likaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 ibara ya 246, likarudi nyumbani 1954 gavana Twining mwenyewe ndo akilileta. Ile historia peke yake ina maswali yote unayotaka kuuliza kuhusu mtawala, washauri, usaliti na gharama ya kutokubali kushindwa. Hakuna mtu Iringa atakuambia futa Mkwawa. Tunga humo, sio kwa kujificha, ila kwa sababu ni kubwa kuliko mfalme asiye na jina.

SWALI: Kamwene mwalimu. Mimi ni mkuu wa shule Njombe. Nyie waandishi mnatulaumu sana sisi wakuu. Shule yangu inadai bweni la wasichana, mgeni rasmi ndo mwenye uwezo wa kulisukuma, sasa watoto wakimkera kwa igizo akaondoka na bweni lake utakuja kulijenga wewe?

JIBU: Kamwene mkuu. Sitakuja kulijenga, na swali lako nalichukulia kwa uzito kwa sababu wasichana wanaotembea kilometa nyingi alfajiri kwenye baridi ya Njombe ni jambo kubwa kuliko igizo lolote.

Ila angalia unachokubali. Bweni ni hela ya umma au ya wananchi waliochanga, mgeni anapolisukuma anafanya kazi yake. Tukiwafundisha watoto kwamba bweni linapatikana kwa kuimba jina la mtu mara ishirini, tunawafundisha kwamba haki yao ni zawadi. Na jaribu hivi, waache hao wasichana waigize safari yao wenyewe, kuamka saa kumi, giza, bodaboda anayewasumbua njiani, kusinzia kipindi cha hesabu. Hakuna tusi humo. Mgeni akitoka pale bila kuahidi bweni nitashangaa sana, maana risala ameshasikia nyingi mno na zote zinafanana.

Nakubali kabisa kwamba mkuu wa shule ana kazi ya kuchuja. Igizo linalomtaja mtu kwa jina na kumtuhumu, linalocheka kabila la watu au dini yao, linalotoa siri ya mwanafunzi mwenzao aliyepata mimba, hilo likae pembeni na mimi nitakuunga mkono. Mkuu anayekata kwa sababu hizo anawalinda watoto. Anayekata kwa sababu mgeni hatafurahi anajilinda mwenyewe, na wewe ndani yako unajua leo umekata kwa sababu ipi.

SWALI: Kwaya yetu chuoni Mbeya sare zake ni zambarau tangu zamani, tumeambiwa tubadilishe kipindi hiki cha uchaguzi maana ni rangi ya chama. Tubadilishe?

JIBU: Hapana, labda muwe na hela ya kuchezea. Andikeni barua kwa mshauri wa wanafunzi, ambatisheni picha za zamani zinazoonyesha sare ni ile ile. Rangi zote zimeshachukuliwa na vyama, kijani, njano, bluu, nyekundu, zambarau, mkianza kukimbia mtaimba mkiwa mmevaa nini?

SWALI: Ndaga fijo kwa safu hii mwalimu. Tuko klabu ya sanaa sekondari Tukuyu, igizo letu la utoro wa watoto kwenda kuchuma chai lilikataliwa, tunaambiwa linachafua jina la wilaya. Tulitaka pia kulipeleka ukumbini mjini tuuze tiketi. Skripti tunayo, tuitupe au?

JIBU: Ndaga wanangu, msitupe hata ukurasa mmoja. Andikeni tarehe juu yake na majina ya wote waliotunga, pigeni nakala moja akae nayo mzazi.

La tiketi msiende wenyewe. Shoo ya kuuza tiketi nje ya shule ina vibali vyake, mwende na mwalimu mlezi kwa afisa utamaduni wa halmashauri mumuulize taratibu, yeye ndo anajua upande wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na Bodi ya Filamu, msije mkawapa watu sababu ya kuwazuia wakati sababu hawakuwa nayo. Na kama ni UMISSETA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya sekondari, ambayo 2025 kitaifa ilikuwa hapo jirani Iringa, ujue kule kuna kaulimbiu na kanuni, someni mapema kabla hamjapeleka kitu.

Ila mimi ningewaambia mlenge tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Kila wilaya inaiadhimisha, watoto wanapewa nafasi ya kusoma risala na kuigiza mbele ya viongozi, na siku yenyewe ipo kwa ajili ya wanafunzi wa Soweto ya Afrika Kusini walioandamana 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaana wakapigwa risasi. Tangu 1991 bara zima linaikumbuka. Mtoto anayekosa shule kwa sababu anachuma majani ya chai ndo mtu ambaye siku hiyo iliwekwa kwa ajili yake, na afisa ustawi wa jamii anaitafutaga mada kama hiyo kila mwaka. Mpelekeeni muhtasari mwezi wa tatu, si wa sita, kamuoneni mkiwa na mwalimu mlezi, na kama atataka kuona mazoezi mkubalieni aje aone lote mpaka mwisho.